Nikita Kering': Tuzo anazo, kibarua kiko mtaani

Novemba 2021 jijini Lagos, Nikita Kering' alinyakua tuzo mbili za AFRIMA akiwa na miaka 19 tu. Mwaka huo huo alikuwa ametoa EP yake, A Side of Me. Wengi tukasema, huyu ameshatoboa!

Lakini R&B ya taratibu, tena ya Kiingereza, ina kibarua kigumu hapa Kenya. Kwenye matatu na kilabuni, DJ anasaka ngoma ya kuchezeka. Akifuata mkondo huo, mrembo huyu atapata shoo nyingi, ila atafanana na kila mtu. Silaha yake ni kwamba hujitungia nyimbo. Basi atunge na kwa Kiswahili, maumivu ya mapenzi yawe yale yale. Mtaa utaimba naye.