Vyaelea Vimeundwa: Utalii wa Lamu na Deni la Mafundi wa Vyombo

Wahenga waliposema kuwa vyaelea vimeundwa, hawakuwa wakitafuta tamathali ya kupamba mazungumzo. Walikuwa watu wa pwani waliojua uzito wa kila ubao na bei ya kila msumari. Leo methali hiyo imebaki kutumiwa katika insha za shule, na ni nadra mwanafunzi kukumbushwa kwamba kitenzi ‘kuunda’ kilihusu hasa chombo cha majini: nyumba ilijengwa, nguo ilishonwa, chombo kikaundwa. Siku hizi nchini Kenya huundwa tume, majopo na miungano ya vyama. Vyombo ndivyo vinavyozidi kupungua.

Aghalabu panapojadiliwa uchumi wa Lamu, hoja huanzia kwenye utalii na kukomea papo hapo. Utalii, tunaambiwa, ndio uti wa mgongo wa visiwa hivyo. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, na tangu hapo picha ya jahazi lenye tanga jeupe mbele ya jua linalotua imekuwa nembo ya kila kijitabu cha matangazo. Uundaji wa vyombo, kwa upande wake, hutajwa kama kazi ya wazee, kitu cha kupigwa picha kabla hakijatoweka. Mpangilio huu wa mawazo umepinduka. Utalii wa Lamu si mrithi wa ufundi wa vyombo. Ni mteja wake, tena mteja asiyelipa deni.

Yafaa kwanza kuitazama kazi yenyewe. Katika kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, fundi haundi kwa kufuata mchoro wa karatasi. Ramani ya chombo imo kichwani na machoni mwake. Hulaza mkuku, yaani ule mti mnene wa chini unaoibeba merikebu nzima, kisha mbao na mataruma hufuata hadi chombo kipate tumbo. Mataruma hayo hayapindwi kwa moto wala kwa mashine: fundi huingia mikokoni au msituni akatafuta mti uliokwisha kujipinda wenyewe kwa kiasi kinachotakiwa. Mlilana hupendwa kwa kazi hiyo. Tezo huchonga, keekee hutoboa, na mianya baina ya mbao hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Tumbo la chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili wadudu wa baharini watoboao mbao wasipate nafasi. Na kazi ya kupaka haiishi siku chombo kinaposhuliwa, kwani kila baada ya muda chombo hukokotwa pwani, kikasuguliwa na kupakwa upya. Kwa hiyo chombo kimoja cha mbao ni ajira ya miaka mingi. Humlisha mkata mti, mpasua mbao, mhunzi, mshona tanga na msuka kamba, na ndipo tukimfikia nahodha.

Ufundi huu haukuzaliwa jana. Visiwa hivi ndivyo vilivyokuwa maskani ya mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja wa chuma, na kilichosafiri kwa tanga la mkeka. Mtepe ulitoweka mapema katika karne ya 20. Uliobaki ni wa kuigiza, katika makumbusho. Inatosha kuutaja hapa kama ushahidi kwamba chombo kizima, pamoja na elimu yake, kinaweza kufa katika muda wa kizazi kimoja au viwili huku watu wakiendelea kuisifu bahari.

Biashara ya miti nayo ilikuwa na adabu yake. Kwa karne kadhaa majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Bara Arabu na Ghuba, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko kwa ajili ya mapaa ya miji isiyokuwa na misitu. Miti hiyo ilipangwa kwa unene, na kila unene ukapewa jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Mtu asiyejua tofauti ya pau na mazio hakuweza kununua wala kuuza. Mwaka 1932 mikoko ya Kenya iliwekwa chini ya hifadhi ya serikali. Baadaye utajiri wa mafuta ukaleta saruji na chuma Arabuni, soko likafifia. Na mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uuzaji wa mikoko nchi za nje. Jahazi kubwa la masafa likawa limepoteza shehena yake. Mtu anayedai kwamba utalii pekee ndio ulioua majahazi hajaisoma historia vizuri.

Hata hivyo, utalii uliikuta nyumba ambayo tayari ilikuwa na ufa, na badala ya kuuziba ukaanza kuuza mawe. Mfano mmoja watosha. Katika pwani yetu kumezuka biashara ya samani zinazotengenezwa kwa mbao za majahazi makuukuu: meza, vitanda, fremu za vioo. Mbao hizo hupendwa kwa sababu ya makovu yake, yale matundu ya misumari na mabaka ya rangi yaliyopigwa na chumvi. Mteja wa hoteli hulipia kovu. Pale ambapo mwenye chombo hana fedha za mbao mpya na deheni, mnunuzi wa samani huwa ndiye mtu wa kwanza kufika na pesa taslimu. Si haki kumlaumu mwenye chombo kwa kuuza. Lakini uchumi ambamo jahazi lina thamani zaidi likiwa meza kuliko likiwa majini ni uchumi unaokula mbegu.

Watetezi wa utalii wana hoja zao, nazo si za kupuuzwa. Wanasema, kwa kweli, kwamba mgeni huleta fedha za kigeni kisiwani. Huajiri mpishi, mlinzi, dobi na kijana wa mashua. Mashindano ya majahazi wakati wa tamasha la utamaduni yamewapa mafundi wachache sababu ya kuendelea kunoa tezo. Nyumba za mawe zilizokarabatiwa Shela zimehitaji boriti za dari, na hapo pana kejeli tamu: chumba cha Kiswahili ni kirefu na chembamba kwa sababu upana wake umewekwa na urefu wa boriti, kwa hiyo mgeni anayesifu umbo la chumba chake anausifu mkoko bila kujua.

Lakini utalii ni tanga lisilo na nanga. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa na mkewe akatekwa nyara karibu na Kiwayu. Mnamo Oktoba 1 mwaka huo huo mwanamke Mfaransa akatekwa kisiwani Manda. Juni 2014 yakaja mashambulizi ya Mpeketoni yaliyowaua watu zaidi ya 60. Kila mara nchi za Ulaya zilitoa maonyo kwa raia wao, na vitanda vikabaki bila wageni. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulizifunga ndege za kimataifa. Mvuvi naye aliumia katika miaka hiyo, kwa kuwa amri za kutotoka nje zilimzuia kuvua usiku. Tofauti ni kwamba mvuvi alibaki na chombo chake na bahari yake, na watu wa kisiwani hawakuacha kula samaki. Mfanyakazi wa hoteli alibaki na sare.

Hoja nzito zaidi dhidi ya ufundi wa vyombo ni ile ya mazingira. Kaunti ya Lamu ina takriban hekta 37,000 za mikoko, ambazo ni zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Je, tuwaachie watu shoka? Swali hili ni la haki, ila mara nyingi huulizwa upande mmoja. Mkoko uliokatwa kwa kuchaguliwa, mti mmoja hapa na mwingine kule, huacha msitu ukiwa umesimama. Mpango wa Kitaifa wa Usimamizi wa Mikoko wa 2017 hadi 2027 wenyewe unatambua matumizi ya namna hiyo yakiwa chini ya leseni. Marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa Februari 2018 haikumtofautisha mpasuaji haramu wa misitu ya bara na mkata fito wa Lamu, na familia za wakataji zilikaa bila kipato. Ilhali katika miaka hiyo hiyo bahari ya Manda ilikuwa ikichimbwa kwa ajili ya bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya mradi huo. Fedha za namna hiyo zinapogeuzwa kuwa vyombo, swali la kuulizwa ni vyombo hivyo vitaundwa wapi: Matondoni, au katika kiwanda cha faiba kisichojua Lamu iko wapi?

Pana tatizo jingine ambalo wapenzi wa turathi hawapendi kulitaja. Mikoko hutoa mataruma na nguzo, lakini haitoi mbao ndefu. Mbao hutoka katika miti ya nchi kavu kama mbambakofi, na miti hiyo imeadimika. Msitu wa Boni umekuwa eneo la operesheni ya kijeshi tangu Septemba 2015. Fundi hujikuta akitumia mwembe, ambao hupatikana kwa urahisi zaidi lakini haudumu kama mbambakofi. Kisha barabara ya Garsen kupitia Witu ikatiwa lami, na malori yakachukua mizigo ambayo zamani ilisafiri kwa jahazi. Maneno matamu kuhusu utamaduni hayatamrudishia jahazi mzigo wake. Kinachoweza kuokolewa ni chombo cha wastani, yaani mashua na dau la uvuvi na la abiria, na hapo ndipo juhudi zinapofaa kuelekezwa: miti ya mbao ipandwe sasa katika mashamba ya bara ya Lamu, leseni ya mkata mikoko itofautishwe na ya mfanyabiashara mkubwa, na ufuo wa kuundia vyombo utengwe rasmi kabla haujawa kiwanja cha hoteli nyingine. Ada ndogo kwa kila safari ya mashua ya watalii, ikiingia katika mfuko wa ukarabati wa vyombo vya mbao, isingemfukuza mgeni hata mmoja. Mgeni amekuja kwa ajili ya chombo hicho.

Kwamba mafundi hawa hawajapitwa na wakati kulithibitika Septemba 2018, liliposhuliwa Lamu jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyotumika na kupambwa kwa maelfu ya vipande vya kandambili. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri hadi Unguja. Dunia ilishangilia plastiki. Chombo hicho, hata hivyo, kisingeelea kama si macho na mikono iliyojifunzia kazi kwenye mbao.

Je, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu gani katika mjadala huu wa miti na pesa? Wana sehemu kubwa kuliko wanavyodhani. Mtangazaji wa mpira husema timu imetwaa usukani. Gazeti husema kongamano limeng’oa nanga. Mwanasiasa huonya kwamba mambo yatakwenda mrama. Maneno haya yote yalishuka kutoka chomboni, na aliyeyashusha alikuwa na deheni mikononi. Yapo mengine ambayo hayajashuka bado: joshi, foromali, gubeti, demani, tezi na omo. Baadhi yamo katika kamusi kwa fasili ya mstari mmoja ambayo haimsaidii msomaji kuiona hiyo foromali wala kujua inafungwa wapi. Kuyaandika kwa utuvu ni kazi ya idara zetu, nayo haihitaji ufadhili kutoka ng’ambo. Ila istilahi iliyohifadhiwa katika tasnifu wakati kazi yenyewe imekufa ni kama ule mtepe wa makumbusho. Ndiyo maana mwanaisimu hawezi kusema kwamba leseni za mikoko hazimhusu.

Vyama vya wanafunzi hupanga ziara za Lamu karibu kila mwaka, na ratiba yake inajulikana: makumbusho, ngome, msikiti wa Riyadha, vichochoro, picha, kisha basi la kurudi. Kutoka mjini hadi Matondoni ni mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu, au kwa mashua ikiwa maji yamejaa. Anayekwenda na achukue daftari na kinasa sauti, na afike asubuhi, kwa sababu mafundi hupumzika jua linapokuwa kali.