Maniema ya kusini: Vumbi linapoingia kwenye injini, nani analipa?

Kila mwaka, mvua inapokatika kati ya Juni na Septemba, barabara za udongo za Kasongo na Kabambare hugeuka vumbi jekundu. Mvua ikirudi, sehemu zile zile hujaa madimbwi na matope. Kwa mwenye gari au pikipiki, misimu hii miwili ina hatari moja: kile kinachoingia kwenye injini kupitia mdomo wa hewa.

Ndiyo maana vifaa vya kubadilisha mfumo wa hewa, vinavyouzwa kwa ahadi ya kuipa injini hewa baridi na nguvu zaidi, vinavutia madereva wengi. Vinafaa katika hali ya kusini mwa Maniema?

Hoja ya wauzaji ina msingi. Hewa yenye joto ni nyepesi: hewa ya digrii 60 chini ya kapo ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya digrii 30 iliyo nje. Injini ya esansi ikivuta hewa ya nje, inachoma vizuri zaidi.

Lakini magari yanayobeba mizigo na abiria huku mara nyingi ni ya mazutu. Injini ya mazutu kwa kawaida huwa tayari na hewa kuliko inavyohitaji. Nguvu yake inategemea kiasi cha mazutu ambacho pompi inasukuma. Kuiongezea hewa tu hakuleti tofauti kubwa. Tena, magari mengi huvuta hewa ya nje tangu kiwandani, kupitia tundu lililo pembeni juu ya gurudumu. Mwenye gari anaweza kulipia kitu alicho nacho tayari.

Hatari iko upande wa pili. Vifaa vingi vya aina hiyo vina filtri iliyo wazi, bila sanduku. Ikikaa chini ya kapo, inavuta hewa ya moto ya radieta, kinyume cha ahadi. Ikishushwa karibu na gurudumu ili ipate ubaridi, inakaa palepale vumbi linaporuka na maji yanapofika.

Injini ya Land Cruiser ya lita 4.2 isiyo na turbo, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inaweza kuvuta karibu lita 4,000 za hewa kila dakika. Pikipiki ya sentimita za ujazo 125, ikizunguka mara 5,000, huvuta karibu lita 300. Hewa hiyo ikipita bila kuchujwa vizuri, chembe za mchanga husaga silinda na segimenti. Injini huanza kula mafuta, kutoa moshi na kukosa nguvu. Anayetoa filtri kabisa ili pikipiki "ipumue" ananunua nguvu ya siku chache kwa bei ya injini nzima.

Maji ni mabaya zaidi. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikikutana nayo, biela hupinda au kuvunjika papo hapo. Gari likizimika ndani ya maji, dereva asijaribu kuliwasha tena. Kwanza fundi atazame kama maji yameingia kwenye filtri na silinda.

Kwa barabara hizi, badiliko lenye maana ni snokeli, lile bomba refu linalopanda hadi usawa wa paa. Linachukua hewa iliyo mbali na joto la injini, yenye vumbi dogo zaidi, na juu ya maji. Hata hivyo halina faida likifungwa vibaya. Kila kiungio kinapaswa kuzibwa na kola kukazwa, na filtri ya karatasi ya kiwandani ibaki ndani ya sanduku lake. Baada ya siku chache za safari, fundi apitishe kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande ulio baada ya filtri. Kikitoka chekundu, kuna mahali vumbi linapenya.

Filtri ya karatasi haipigwi kwenye jiwe. Hupulizwa kwa upole kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka hubadilishwa. Ile ya sponji ya pikipiki huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa, kisha hupakwa mafuta kidogo.

Yote hayo ni gharama, na gharama hiyo haibaki kwa dereva. Reli inapita ng'ambo ya Lualaba, magharibi, kwa hiyo Kasongo na Kabambare zinategemea barabara. Filtri, segimenti na siku za kulala njiani huingia katika nauli, katika bei ya chumvi na sabuni sokoni, na katika bei ndogo anayopewa mkulima wa mpunga au wa mawese shambani.

Wakati huo huo, wasafiri wamekwisha kulipia barabara. Sheria ya Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, ambao hupata pesa kutokana na tozo kwenye mafuta ya magari na malipo ya njiani. Anayenunua esansi au mazutu kwa njia halali anachangia. Barabara isipotunzwa, analipa mara ya pili garajini.

Barabara ya udongo haihitaji lami ili idumu. Inahitaji mitaro iliyo wazi, mashimo kuzibwa mapema, na vizuizi vya mvua vinavyozuia malori mazito mpaka udongo ukauke. Snokeli inaweza kuokoa injini ya mwenye uwezo wa kuinunua. Abiria aliye nyuma ya lori, na mama anayesukuma baiskeli ya mihogo kando ya njia, wanavuta vumbi lile lile bila filtri yoyote.