Jibu la Kweli, Hoja Mbovu



Wazazi wenzetu, na hasa akina mama mnaokesha na watoto juu ya madaftari, wiki hii tumeona tuzungumze juu ya jambo linalozua manung'uniko majumbani mwetu. Mtoto huambiwa athibitishe jambo katika hisabati. Hitimisho lake huwa la kweli, na bado hunyimwa alama. Yeye hudai kaonewa, nasi huwa wepesi wa kumlaumu mwalimu. Aghalabu mwalimu ana haki. Katika uthibitisho hakipimwi kikomo cha safari peke yake, hupimwa kila hatua iliyopitiwa. Na hatua moja ikiwa mbovu, zinazoifuata hazina pa kusimama.

Makosa yanayorudiwa sana ni manne.

La kwanza ni kutosheka na mifano. Mwanafunzi aambiwa athibitishe kwamba namba mbili za witiri zikijumlishwa huwa shufwa. Huandika: 3 na 5 ni 8, 7 na 9 ni 16, basi imethibitika. La, amejaribu mara mbili tu, na witiri hazina mwisho. Mwaka 1772, mwanahisabati Leonhard Euler wa Uswisi alitaja mfuatano unaoanza 41, 43, 47, 53. Twaweza kuupata hivi: chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba ile ile, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 hadi 39, majibu yote arubaini ni namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Nani asingesema kwamba yatosha? Lakini ukifika 40 jibu ni 1,681, nayo ni 41 mara 41. Mifano arubaini ilikuwa kweli, na ule wa arubaini na moja ukaivunja kanuni.

Basi ile ya witiri huthibitishwaje? Chukua tende 3 na tende 5, uzipange mbili mbili. Kila fungu hubakiza tende moja. Ukiyaunganisha mafungu, zile mbili zilizobaki hupatana zikawa jozi. Na kwa kuwa kila witiri, iwe ndogo au kubwa, hubakiza moja na hapana zaidi, hoja hii yazienea witiri zote. Tende ni za kumsaidia mtoto kuona; uthibitisho umo katika ile sababu.

Kosa la pili ni kugeuza hoja. Kila namba inayogawanyika kwa 4 ni shufwa. Mwanafunzi huigeuza akasema kwamba kila shufwa hugawanyika kwa 4, na 6 yamkanusha pale pale. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kila wingu lina mvua.

La tatu ni kukichukua kinachotafutwa kana kwamba kimekwisha kupatikana. Mwanafunzi huanza na lile aliloambiwa alithibitishe, hulipitisha hapa na pale, na akifika kwenye sifuri ni sawa na sifuri hutua kalamu kwa furaha. Natuitazame hatari yake. Tuseme 3 ni sawa na 5. Zidisha pande zote mbili kwa sifuri, utapata 0 ni sawa na 0, na hilo ni kweli tupu. Je, 3 imekuwa 5? Uongo nao waweza kumfikisha mtu kwenye ukweli. Kwa hiyo uthibitisho huanza na kinachojulikana, ukaelekea kinachotafutwa.

La nne ni kugawanya kwa sifuri bila kujua. Akipewa kwamba x mara x ni sawa na 5 mara x, hufuta x kila upande akasema x ni 5. Amesahau kwamba x yaweza kuwa sifuri, na jibu moja limempotea. Kabla ya kugawanya sharti ahakikishe kwamba anachogawanyia si sifuri.

Mama ambaye hakusoma hisabati asidhani kwamba hana msaada wa kutoa. Mwana na asome kazi yake kwa sauti, na kila mstari aulizwe: "Hili umelijuaje?" Akijibu kwamba aliona kwa mifano, au kwamba ndivyo alivyotakiwa kufikia, hapo ndipo penye ufa. Tujihadhari pia na kumwambia kwamba maadamu jibu limetoka, yatosha.

Jambo hili halikomei kwenye mtihani. Mwizi hukimbia, lakini si kila akimbiaye ni mwizi. Kwa hoja iliyogeuzwa hivyo wasio na hatia hupigwa njiani. Jirani hukosea mara mbili, tukasema ndivyo alivyo siku zote. Tukishamdhania mtu ubaya, kila alifanyalo huwa ushahidi. Ni makosa yale yale ya daftarini, isipokuwa hapa kinachopotea ni heshima ya mtu badala ya alama. Mtoto aliyezoea kuulizwa "umelijuaje?" akiwa mdogo, huenda akajiuliza mwenyewe kabla hajamhukumu mwenziwe.