Miwani ya Skrini: Kabla Hujatoa Pesa, Angalia Tundu la Simu Yako

 

Leo nataka kutoa maoni yangu juu ya kitu ambacho vijana wa hapa Shika Adabu wananiuliza kila wiki: hii miwani ya kutazamia filamu na kuchezea gemu. Unaivaa kama miwani ya jua, unachomeka waya kwenye simu, na mbele yako inatokea skrini kubwa ambayo hakuna mwingine anayeiona. Matangazo yake yamejaa Facebook na TikTok. "Sinema ya inchi 200 mfukoni mwako!" Nani asiyetaka?

Msimamo wangu nautoa mapema ili usipoteze muda: wengi wetu huku Likoni hatufai kuinunua kwa sasa. Lakini wako watu wachache ambao kwao ni mali kweli kweli. Nitaeleza ni akina nani na kwa nini, halafu uamue mwenyewe.

Kwanza tusichanganye mambo, maana majina yanafanana. Ile miwani ya Ray-Ban Meta iliyotoka 2023 ina kamera na spika lakini haina skrini, kwa hiyo usiinunue ukidhani utatazama mpira. Meta Quest 3, ya 2023 pia, na Apple Vision Pro ya 2024 ni kompyuta nzima unayovaa usoni, na hiyo ya Apple ilianza kuuzwa kwa dola 3,499. Halafu kuna vile visanduku vya plastiki vya shilingi elfu mbili tatu ambavyo unatumbukiza simu ndani. Hivyo ni lenzi mbili na mpira wa kufungia kichwani, basi. Miwani ninayozungumzia mimi ni ya akina Xreal (zamani wakiitwa Nreal), Viture, Rokid na RayNeo. Haina akili yake kubwa. Ni skrini mbili ndogo sana, moja kila jicho, na picha inatoka kwenye kifaa kingine.

Wazo lenyewe si geni. Ivan Sutherland alitengeneza skrini ya kuvaa kichwani mwaka 1968, nzito hata ikabidi ining'inizwe darini. Nintendo walitoa Virtual Boy mwaka 1995, picha nyekundu tupu, na mwaka uliofuata ikafa. Sony walikuja na Glasstron mwaka 1996. Google Glass ikaja 2013 kwa dola 1,500, nayo haikufika mbali na watu wa kawaida. Kilichobadilika sasa ni hizi skrini ndogo za Micro-OLED, ambazo kila moja ina pikseli 1920 kwa 1080. Picha ni nzuri, hilo sibishi. Nimeivaa na nimeifurahia.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoliwa.

Inchi 200 ni hadithi

Tangazo la Rokid Max linasema inchi 215. La Xreal Air linasema inchi 130. Ukisoma haraka utadhani ya kwanza inakaribia kuwa mara mbili ya pili. Soma maandishi madogo: ile ya 215 ni kana kwamba umekaa mita 6 kutoka kwenye skrini, na ile ya 130 ni kana kwamba umekaa mita 4. Kitu kikisogezwa mbali huonekana kidogo, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Kipimo cha kweli ni pembe ambayo picha inachukua machoni mwako, na kipimo hicho ni nyuzi 50 kwa Rokid Max na nyuzi 46 kwa Xreal Air. Tofauti ni nyuzi nne tu!

Nyuzi 46 ni kiasi gani? Nimepiga hesabu. Ni sawa na kukaa mita moja hivi kutoka kwenye televisheni ya inchi 32. Ama kutazama laptopu ya inchi 15.6 iliyo sentimita 47 kutoka usoni, yaani pale pale unapoiweka kila siku. Narudia: ukubwa unaoupata kwenye miwani ni ule wa laptopu iliyo juu ya mapaja yako. Raha yake ni kwamba picha inakufuata hata ukilala chali. Basi usikubali mtu akuuzie inchi. Muulize nyuzi. Akishindwa kujibu, endelea na safari yako.

Tundu ndilo linaloamua

Hili ndilo lililonifanya niandike. Kijana mmoja jirani yangu, mfanyakazi wa boda, alikuwa anasubiri zamu yake ya kupokea pesa za chama. Kitita chote alitaka kukimalizia kwenye miwani. Nikamwomba simu yake niiangalie. Ni simu nzuri, ina kamera kali, betri inakaa siku nzima, na chini ina tundu la USB-C. Lakini tundu hilo halitoi picha.

Ndugu zangu, umbo la tundu si uwezo wa tundu. USB-C ni umbo tu. Ili miwani ifanye kazi, simu lazima iwe na uwezo wa kutoa picha kupitia tundu hilo, kitu kinachoitwa DisplayPort Alt Mode. Samsung za Galaxy S zinao kuanzia S8 ya 2017. iPhone 15 za 2023 zinao. Lakini karibu Galaxy A zote, na simu nyingi za bei ya kati na ya chini tunazonunua huku, hazina. Waya unaingia vizuri kabisa, chaji inapita, na machoni ni giza tupu.

Hakuna programu ya kupakua itakayotibu hilo, kwa sababu ni suala la nyaya na chipu zilizomo ndani ya simu. Ziko adapta za DisplayLink zinazopitisha picha kwa njia ya programu, lakini picha inachelewa. Kwa gemu haifai: utakuwa umeshafungwa bao ndipo unaona mpira unakuja.

Kuna jaribio rahisi. Tafuta adapta ya kawaida ya USB-C kwenda HDMI, ya kuazima ikiwezekana. Chomeka simu kwenye televisheni yoyote. Picha ikitokea kwenye televisheni, miwani nayo itafanya kazi. Isipotokea, umejiokolea maelfu. Yule kijana tulijaribu naye kwenye televisheni ya kwetu sebuleni. Haikutokea kitu. Pesa zake za chama ziko salama, na ameniambia atazitia kwenye injini ya pikipiki.

Na kama unayo laptopu ya mitumba, zile za kutoka Uingereza zinazouzwa mjini, iangalie kabla hujakata tamaa. ThinkPad T480 ya 2018, kwa mfano, inatoa picha kupitia USB-C bila shida. Kwa miwani, laptopu hiyo kuukuu inaizidi simu mpya ya dukani. Steam Deck nayo inachomekwa moja kwa moja. PS5 inatoa HDMI, kwa hiyo itakubidi ununue adapta nyingine, na hiyo ni pesa juu ya pesa.

Gemu za simu

Wanaotaka kuchezea gemu za simu wasikilize hili pia. Ukivaa miwani huoni vizuri vidole vyako juu ya kioo cha simu. Gemu za kugusa kioo zinakuwa mateso. Unahitaji pedi, na kuna gemu za simu ambazo hazikubali pedi kabisa. Hakikisha gemu yako inakubali kabla ya kulipa.

Halafu joto. Miwani inakula umeme kutoka kwenye simu, na simu inatengeneza picha za gemu wakati huo huo. Simu inachemka. Ongeza joto letu la Machi, mvuke wa bahari, na jasho linalotiririka puani hadi miwani inateleza na vioo vinapata ukungu. Wanaoandika sifa za vitu hivi huko ughaibuni wanakaa kwenye vyumba vya baridi. Sisi tuna feni, na siku umeme ukikatika hata feni hatuna. Juani ndiyo usiseme: vioo hivi vinapitisha mwanga wa nje, na kwenye mwanga wetu picha inafifia hadi uivalishe kifuniko cheusi mbele.

Macho yako

Kama unavaa miwani ya daktari, angalia sana. Baadhi ya miwani hizi zina vigurudumu vya kurekebisha kwa wasioona mbali. Rokid Max inafika hadi -6.00, na baadhi ya Viture hadi -5.00. Lakini vigurudumu havitibu astigmatizimu. Mwenye tatizo hilo atahitaji lenzi za kutengenezewa za kuweka ndani, na hiyo ni gharama nyingine. Pia umbali kati ya mboni zako una maana. Usipolingana na wa miwani, kingo za picha zinakuwa na ukungu na kichwa kinauma. Ndiyo maana Xreal One Pro inatolewa kwa saizi mbili. Ivae kwanza nusu saa, na usiinunue kwa picha ya WhatsApp.

Bei

Xreal Air 2 ilipotoka 2023 ilitangazwa kwa dola 399. Kwa dola moja kama shilingi 129, hiyo ni karibu shilingi 51,500. Ongeza VAT ya asilimia 16 peke yake unakaribia 60,000, bado usafiri na ada nyingine. Bei hushuka kadiri muda unavyopita, sawa. Lakini televisheni ya inchi 32 unaipata mjini kwa chini ya shilingi 20,000, na inatazamwa na nyumba nzima.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Sisi tumekulia kwenye vibanda vya video, watu thelathini kwenye mabenchi, DJ Afro anaisimulia filamu ya Kihindi au ya kivita kwa Kiswahili hadi mbavu zinauma. Mpira tunautazama kwa makelele. Kwenye kibanda cha gemu, anayesubiri zamu ndiye mwenye ushauri mwingi kuliko anayecheza. Nusu ya raha ya kutazama ni yule aliyekaa pembeni yako, na miwani hii inamwondoa. Baba akivaa miwani sebuleni, watoto watatazama nini? Watamtazama yeye?

Ila nitakuwa mwongo nikisema kuwa peke yako ni kosa siku zote. Nyumba zetu nyingi ni za vyumba vya kupanga, ujia katikati, na kuta ambazo hazifiki juu. Watu watatu chumba kimoja. Ukiwasha skrini saa sita usiku, mwanga unamwamsha mtoto. Mtu wa namna hiyo hanunui skrini, ananunua ukuta. Hali kadhalika baharia anayekaa miezi melini, na ndugu zetu walioko Ghuba wanaolala wengi chumba kimoja. Siku nzima wako chini ya macho ya watu. Saa mbili za kuwa mahali pao wenyewe zina thamani ambayo mimi siwezi kuipimia kwa inchi wala kwa nyuzi. Kwao nasema: mkiweza, nunueni, na mtumie visikizi, maana spika zake ndogo zinavuja sauti.

Kwa ufupi basi:

1. Simu au laptopu yako inatoa picha kwa USB-C? Jaribu kwa adapta. Kama haitoi, umemaliza.
2. Una nyumba yenye sebule na huna televisheni nzuri? Nunua televisheni.
3. Unalala chumba cha watu wengi, au kazi yako ni ya mbali na nyumbani? Ifikirie kweli.
4. Umeivaa nusu saa bila kichwa kuuma? Hapo lipa.

Na tafadhali, usiivae ukiwa kwenye feri au matatu. Pale Likoni mtu anahitaji macho yake yote mawili, masikio yote mawili, na mkono mmoja mfukoni.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye simu asiyoijua tundu lake aje nayo maskani, adapta ninayo, na jaribio ni bure.

Wasalaam.