Nati Ikilegea, Kudra Husingiziwa

Ni jambo la kusikitisha kwamba katika nchi iliyokwisha kusomesha maelfu ya mafundi, gurudumu la gari bado hukazwa kwa kubahatisha. Mtu akisimama kando ya barabara ya Morogoro pale Maili Moja, Kibaha, hatakawia kuliona tukio lenyewe: tairi limebadilishwa, utingo anachomeka bomba la chuma katika mpini wa spana ili urefuke, anapanda juu yake, anaruka mara mbili tatu, kisha anagonga bodi kwa kiganja. Safari! Dereva hatazami. Abiria, ambao miongoni mwao wamo walimu na makarani wanaojua kupiga hesabu, nao hawaulizi neno.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kipimo halisi kimeandikwa katika kitabu cha kila gari, lakini nati ya gari dogo kwa kawaida hutaka nguvu ipatayo nyutoni-mita 100. Yaani spana ya nusu mita ikikandamizwa mwishoni kwa uzito wa kilo 20. Mtu wa kilo 70 akisimama mwisho wa bomba la mita moja, nguvu hiyo hukaribia mara saba, hata kabla hajaruka. Lori zito lenye nati kubwa laweza kuihitaji nguvu kama hiyo. Kwa pikapu ya ofisi, huo ni uharibifu wa mali ya umma.

Bolti ya gurudumu si msumari. Hufanya kazi kama springi: ikikazwa kwa kadiri hunyooka kidogo mno, nayo hutaka kurudi, na katika kutaka kurudi ndipo inapoibana rimu juu ya habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaolishikilia gurudumu. Nati ikikazwa pungufu, rimu hucheza, mtikisiko huzifungua nati, na bolti huvunjika moja baada ya nyingine. Ikikazwa kupita kiasi, bolti hunyooka moja kwa moja isirudi tena, ikabaki dhaifu huku ikionekana imara. Basi yule anayejivunia kukaza "mpaka ilie" hana la kumcheka mvivu aliyekaza nusunusu.

Kisarawe mambo huzidi. Katika barabara za udongo ziendazo vijiji vya ndani, zenye mikunjo kama bati, gari hutetemeka kuanzia asubuhi hadi jioni. Tairi likibadilishwa njiani, udongo huganda kati ya rimu na habu. Wakati wa kukaza huonekana mgumu. Baada ya kilometa kadhaa husagika na kumwagika, na ile nafasi unayoiacha ndiyo ulegevu wa nati. Hakuna uchawi hapo, wala mkono wa mtu.

Lakini gurudumu likichomoka, kinachosikika ni kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo imegeuzwa blanketi la kuufunika uzembe. Wahenga walioisema hawakuwa na gari, na kama wangekuwa nalo wangekagua nati.

Wapo pia wanaodai kwamba spana ya kipimo, ile inayotoa ishara nguvu inapotimia, ni anasa ya nchi tajiri. Hii ni kasumba tupu. Idara inayopata fedha ya chai na maji ya chupa kwa kila kikao haiwezi kusimama mbele ya wananchi ikalia kwamba imekosa fedha ya spana. Pale Vigwaza imejengwa mizani ili malori yasiiharibu lami kwa uzito uliozidi. Kumbe kupima tunakuthamini, ila si kwenye nati.

Lawama zote zisitupiwe fundi pancha. Yeye hulipwa kwa wepesi, na hakuna mteja aliyewahi kumdai kipimo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hailiruhusu gari bovu barabarani, na anayetia saini ili basi la shule liondoke ni mtu mwenye elimu, mwenye ofisi na mwenye kalamu. Huyo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mkuu wa shule na ofisa usafirishaji waanze na kitabu cha gari. Iandikwe siku tairi lilipofunguliwa. Kama rimu na habu zilisafishwa. Kama nati zilikazwa kwa kupishana, moja na ile inayoielekea, na kwa kipimo gani. Na nani aliyezikagua tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Gari lililobadilishwa tairi Kibaha asubuhi, likifika Chalinze limekwisha kwenda zaidi ya kilometa 60. Hapo dereva asimame, atoe spana, azipime nati zote kabla hajaagiza chai.