Mpeni Alama Aliyejenga Kisichokuwepo

Katika maonyesho ya shule huku kwetu, modeli inayosifiwa ni ile inayofanana na kitu ambacho mwamuzi amewahi kukiona: moyo wa binadamu wa udongo, volkano ya karatasi, jengo la KICC la katoni. Binti wa dada yangu, anayesoma Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay, alipeleka kituo cha watu walioko sayari ya Mirihi. Mwamuzi akamuuliza amekiiga wapi. Alipojibu kwamba amekichora mwenyewe, akakatwa alama za uhalisia. Mimi ni seremala na mwalimu wa useremala hapa Migori, na nilimwona akikijenga kituo hicho kwenye meza yangu. Nasema alama zile alistahili kupewa zote.

Wazo aliliokota kwenye maboma ya kale ya Thimlich Ohinga, upande huu wa Migori, walikotembezwa na walimu wao. Kuta zake za mawe zimesimama tangu karne ya 16 hivi bila saruji wala udongo wa kuzishikanisha, na mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Msichana akawaza: Mirihi mawe ni tele, na maji ya kukorogea saruji hayachoteki. Basi watakaohamia huko watapanga mawe makavu kama wazee wetu, wakae ndani ya mahema yasiyovujisha hewa, na ukuta mnene uwakinge na mionzi. Hakuna kitabu kilichompa hilo. Alilichora kwa rangi za maji, ukuta mwekundu, na mtu mmoja amesimama langoni.

Mtu yule wa langoni ndiye aliyetupa skeli ya modeli. Picha haisemi kitu kina ukubwa gani mpaka upate ndani yake kitu unachojua kimo chake. Tukamkadiria mita 1.7, tukachagua skeli ya 1:50, naye akawa milimita 34. Kuta za Thimlich zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa wastani wa mita moja. Mezani zikawa sentimita 3 hadi 9, na unene sentimita 2. Kisha nikamkataza kugusa kisu kabla hajachora upya kitu kilekile mara tatu kwa rula: kwa mbele, kwa ubavuni na kwa juu. Alilalamika, "Mjomba, picha si ninayo tayari!" Lakini picha ina upande mmoja tu. Upande wa nyuma haupo mpaka mtu auamue, na kuuamua kunataka akili zaidi kuliko kunakili moyo kutoka kitabu cha sayansi.

Hapo ndipo lango lilipomkatalia. Malango ya Thimlich ni mafupi kwa makusudi, adui aingie ameinama. Alipojaribu kumpitisha mtu wake mwenye kofia ya anga na mtungi wa hewa mgongoni, hakupita. Kwenye picha alikuwa amesimama vizuri kwa sababu rangi haina kipimo. Ikabidi afikiri: je, huko Mirihi adui ni nani? Hakuna wa kuzuiwa. Akaliinua lango na kuliongezea kizuizi cha vumbi. Mwamuzi angemuuliza kuhusu lango lile tu, angesikia somo zima la uhandisi.

Mawe ni kokoto alizozichekecha. Jiwe la sentimita 30 linakuwa milimita 6, na lolote lililozidi sana lilirudishwa kwenye rundo. Kwanza alizibandika kwa gundi juu ya katoni, zikaonekana kama karanga kwenye kashata. Akabomoa. Akapanga nyuso mbili, ya ndani na ya nje, akajaza vijiwe katikati, ukuta ukajishika wenyewe. Chombo cha anga cha kuwashusha watu hao Mirihi alikitengeneza kwa kipande cha bomba la maji, spoki za baiskeli zikawa miguu, na saketi za redio mbovu zikawa mitambo ya ubavuni.

Hivyo ndivyo walivyofanya waliojenga vyombo vya filamu ya Star Wars ya 1977. Ralph McQuarrie alichora, mafundi wakajenga, wakibandika vipande walivyong'oa kwenye modeli za dukani za vifaru na meli za kivita. Nimeambiwa siku hizi kompyuta inatosha. Mwaka 2019, katika mfululizo wa The Mandalorian, watu wenye kompyuta zote duniani walijenga chombo kwa mikono na kukipiga picha. Na msichana wa Ndhiwa asiye na kompyuta afanye nini, asubiri?

Kenya tayari ina filamu ya aina hii. Wanuri Kahiu alituonyesha katika Pumzi, mwaka 2009, Afrika Mashariki iliyokaukiwa maji, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance. Lakini ilipigwa picha Afrika Kusini. Natamani inayofuata ipate mafundi wake Rongo, Mbita na Kendu Bay.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hiyo kuwafundisha mafundi hao hakuhitaji ruhusa ya Nairobi. Migori na Homa Bay zitenge katika kila chuo meza moja, msasa, misumeno midogo na mwalimu wa kuchora kwa vipimo, na wanafunzi wa shule za jirani waruhusiwe kuja Jumamosi. Nao waamuzi wa maonyesho waanze kudai michoro mitatu kabla ya kutazama modeli. Mzazi aliyemnunulia mwanawe volkano dukani hatakuwa na ya kuleta.