Dabi ya Mnyama na Wananchi inayochezwa kando ya Ruaha

NOVEMBA 29, 2022. Uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, wilayani Mbarali mkoani Mbeya. Yanga wameingia wakiwa na mechi 49 za ligi bila kupoteza. Dakika 90 zinakatika, ubao unasoma Ihefu 2, Yanga 1. Wananchi wamelala.

Oktoba 2023 wakarudi palepale, wakachapwa tena 2-1. Tangu hapo ukimtajia shabiki wa Yanga neno Ihefu, anakuuliza kama umeshakula.

Sasa swali. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kujiuliza Ihefu ni kitu gani? Ihefu ni ardhi oevu, kinamasi kikubwa kilichopo katikati ya Bonde la Usangu. Maji yake ndiyo yanayoulisha Mto Ruaha Mkuu, mto unaopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuendelea hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kuna viboko, kuna mamba, kuna ndege wa kila aina. Timu ilizaliwa jirani na kinamasi, ikajipa jina la kinamasi.

Timu yenyewe ilishahama. Ilikwenda Singida, na mwaka 2024 ikabadili jina kuwa Singida Black Stars. Kinamasi hakikuhama. Wanyama hawakuhama, na wananchi wa kule nao wapo palepale. Leo tuwazungumzie hao waliobaki, maana wana dabi yao ambayo haina mapumziko wala mwisho wa msimu.

Kariakoo tukisema Mnyama tunamaanisha Simba, na tukisema Wananchi tunamaanisha Yanga. Tunataniana, tunanunua jezi, tunarudi nyumbani. Nenda Idodi au Pawaga, Iringa vijijini, useme mnyama kaingia. Hakuna atakayekuuliza kafunga nani. Watauliza kaingia zizi la nani.

Mechi yenyewe ipoje

Hifadhi ya Ruaha ina kilomita za mraba karibu 20,000. Haina uzio. Watafiti wanakadiria kuwa eneo zima la Ruaha linabeba karibu simba mmoja katika kila kumi waliobaki duniani. Hilo ni jambo la kujivunia, hakuna ubishi. Lakini simba hajui mpaka wa hifadhi ulipo. Tembo ndo kabisa. Mahindi yakikomaa na mpunga ukianza kuinama, tembo anakuja usiku, na kazi ya miezi mitano inakwisha kabla jogoo hajawika.

Ndiyo maana habari za simba kuonekana vijijini Iringa zinajirudia. Leo nyayo kwenye njia ya shule, kesho ng'ombe wawili wamekutwa wamekufa. Watoto wanatembea kwa makundi, wazazi wanakesha na tochi, maofisa wa wanyamapori wanaitwa.

Tulio mjini tunasema simba ni fahari ya taifa. Kweli kabisa. Ila tuulizane kwa lugha ya mpira: fahari ni ya wote, mabao anafungwa nani? Mgeni analipa kiingilio getini, hoteli inapata, serikali inapata. Mwenye zizi anapata mzoga.

Wenyeji wa huku wana kumbukumbu mbaya zaidi. Kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1940, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini lilikuwa na simba wala watu, kuanzia Rujewa mpaka Wanging'ombe na Njombe. George Rushby, askari wa wanyamapori aliyepewa kazi ya kuwamaliza, alikadiria kwamba waliua watu wapatao 1,500. Yeye na wasaidizi wake waliua simba 15, mauaji yakakoma.

Wananchi wengi walikuwa na maelezo mengine. Waliamini simba wale walitumwa na mganga aliyevuliwa madaraka yake, na kwamba walitulia aliporudishiwa kiti. Tusiwacheke. Sisi wa soka, tunaomwona mchezaji akiruka ukuta badala ya kupita mlangoni, hatuna mdomo wa kumcheka mtu kwenye habari za waganga.

Ila kuna jambo moja ndani ya kisa kile ambalo halihitaji mganga. Serikali ya mkoloni ilikuwa imeua swala, nyati na wanyama wengine kwa wingi katika ukanda ule ili kuzuia ugonjwa wa sotoka usishuke kusini. Simba akaondolewa chakula chake, akatafuta kingine. Waliopanga vile walikuwa ofisini, walioliwa walikuwa vijijini.

Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kanuni za mchezo

Kwa miaka mingi mwenyeji akifungwa katika dabi hii alikuwa na majibu mawili tu. La kwanza ni mkuki au sumu. Ng'ombe akiuawa, mzoga unapakwa sumu, simba akirudi kumalizia anakufa, na fisi anakufa, na tumbusi wanakufa pamoja naye. Kwa vijana wa Kibarabaig, kijana aliyemuua simba kwa mkuki alirudi shujaa, akapewa ng'ombe na kutazamwa na mabinti. Yaani kumuua simba kulikuwa na zawadi, kumwacha hai hakukuwa na zawadi yoyote.

Jibu la pili ni kwenda serikalini kuomba kifuta jasho, au kifuta machozi kama kuna mtu amepoteza maisha. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa aliyeuawa. Kwa mazao, malipo yalipangwa kwa umbali wa shamba kutoka kwenye mpaka wa hifadhi, na ukomo wa juu ulikuwa shilingi 100,000 kwa ekari. Serikali yenyewe haisemi kwamba hiyo ni fidia. Ni kifuta jasho, neno linajieleza. Wabunge wamelipigia kelele suala hili mara nyingi, kwamba ni kidogo na kinachelewa.

Sasa njoo uone kitu ambacho mtu wa mpira atakielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka 2009 ulianza mradi wa kuhifadhi wanyama wala nyama kandokando ya Ruaha, ulioanzishwa na mtafiti Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford. Sasa upo chini ya shirika la Lion Landscapes. Walianza na mambo ya kawaida: kuimarisha mazizi kwa uzio wa waya ili simba asipenye usiku, na kuwachukua vijana walewale waliokuwa wakiwinda simba wawe walinzi wa simba, wenye heshima na kipato. Halafu wakaja na ligi.

Ndiyo, ligi. Kijiji kinapewa kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Wanakijiji ndio wanaozitega na kuzisimamia kwenye ardhi yao. Kila mnyama anayenaswa kwenye picha ana pointi zake. Swala ana pointi chache. Simba ana nyingi. Mbwa mwitu, ambao wamebaki wachache duniani, wanabeba pointi za kutosha kukupandisha kwenye msimamo kwa usiku mmoja.

Vijiji vinapangwa kwenye makundi ya vinne vinne, kama makundi ya michuano yoyote unayoijua. Kila baada ya miezi mitatu pointi zinajumlishwa. Wa kwanza anapata manufaa ya dola 2,000, wa pili 1,500, wa tatu 1,000 na wa mwisho 500. Fedha hiyo haigawanywi mkononi, inakwenda kwenye elimu, afya na matibabu ya mifugo. Kisha msimamo unafutwa, mnaanza upya.

Angalia kilichofanyika hapo. Mnyama ni yuleyule, kijiji ni kilekile, hakuna aliyehubiriwa kupenda simba. Kilichobadilika ni kanuni za mashindano. Jana nyayo za simba zilikuwa hasara tupu. Leo zinaweza kuwa madawati. Mtu anayetega nyaya porini jana alikuwa anatafuta kitoweo, leo anawapunguzia pointi wenzake, na wenzake wanajua anaishi wapi.

Wadau wa soka hili tunalifahamu. Zamani ushindi ulikuwa pointi mbili, timu zikawa zinaridhika na sare. Ilipowekwa pointi tatu, sare ikapungua thamani, hesabu za makocha zikabadilika. Ukitaka mchezo ubadilike, badilisha kinacholipwa.

Tusijidanganye

Nimeusifia mpango huu, lakini mchambuzi anayesifu tu ni shabiki. Una mapengo mawili.

Pengo la kwanza ni kwamba hasara ni ya mtu mmoja, zawadi ni ya kijiji. Mama mwenye ng'ombe watatu akiuliwa wawili, dawati jipya la shule halimrudishii maziwa. Ndiyo maana ligi ya kamera haiwezi kuchukua nafasi ya kifuta jasho kinacholipwa kwa wakati, wala uzio imara wa zizi. Kwa tembo napo kuna njia zinazotumika nchini, kamba zilizopakwa pilipili na uzio wa mizinga ya nyuki, na upande wa Kilombero chini ya milima ya Udzungwa nyuki wamekuwa wakitumika kulinda mashamba huku mkulima akivuna na asali. Hayo yote yanahitaji fedha na mtu wa kuyasimamia, sio semina ya siku moja.

Pengo la pili ni kubwa zaidi, na linaturudisha Mbarali. Mwaka 2008 eneo la Usangu, pamoja na kinamasi cha Ihefu, liliingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Sababu ilikuwa na uzito: tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi, viboko wakibaki kwenye madimbwi ya matope. Lakini wafugaji waliondolewa, vijiji vikajikuta kwenye mgogoro wa mipaka ulioendelea kwa miaka. Benki ya Dunia iliyoidhinisha dola milioni 150 kwa ajili ya utalii wa kusini ilisitisha fedha Aprili 2024 baada ya malalamiko ya wananchi, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa kabisa.

Kwa lugha ya uwanjani, magoli yalihamishwa mechi ikiendelea. Unaweza kuwa na ligi nzuri ya kamera, lakini mwananchi asiyejua kesho shamba lake litakuwa ndani au nje ya mpaka hawezi kuchezea timu ya hifadhi. Ni kosa lilelile la enzi za sotoka: wanapanga walio mbali, wanaumia walio karibu.

Jezi na deni

Wapo watakaosema haya ni mambo ya maliasili, kurasa za michezo zinayatafutia nini. Nitawajibu kwa jezi.

Angalia Morocco. Simba wa Atlas, nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, Afrika nzima tulisimama nao. Simba wa Atlas mwenyewe alishatoweka porini katika karne iliyopita. Senegal ni Simba wa Teranga, na simba waliobaki kwao ni wachache sana. England wana simba watatu kifuani na hawana hata mmoja porini. Jina la mnyama linaweza kuishi kwenye jezi miaka mia baada ya mnyama kuisha.

Sisi bado tunao wote wawili. Klabu iliyoanza mwaka 1936 na kuchukua jina la Simba mwaka 1971 ina mamilioni ya watu wanaonguruma kila wiki. Na klabu inayojiita ya Wananchi ina mamilioni mengine. Mmoja anabeba jina la mnyama, mwingine jina la wanaoishi naye. Hakuna klabu mbili nchini zinazofaa zaidi kukaa meza moja kwenye jambo hili.

Sidai makubwa. Kabla ya msimu kuanza, timu hizi hucheza mechi za kirafiki kila kona. Mechi moja ipigwe CCM Samora, Iringa, au Sokoine, Mbeya, kiingilio kikanunue waya wa mazizi kwa vijiji vya Idodi, Pawaga na Mbarali. Watu wa Iringa, ambao Lipuli waliposhuka mwaka 2020 walibaki kuangalia Ligi Kuu kwenye runinga, watajaza uwanja kabla hamjamaliza kubandika matangazo.

Fedha ya mechi moja haitamaliza mgogoro wa mipaka, hilo ni la serikali na linatakiwa kumalizwa na serikali. Lakini mama wa ng'ombe watatu atalala usiku mmoja bila tochi mkononi. Na simba aliyekuja kulizunguka zizi atagonga waya, atageuza, atarudi porini akiwa hai.

Dabi ya Kariakoo lazima mmoja aumie ndipo mwingine acheke. Hii ya Ruaha ni tofauti, bana. Hii Mnyama akifa, Wananchi nao wamepoteza. Tuicheze kwa akili.